KILA KAZI NA BARUA YAKE

Ukipita kwenye ofisi ya kijiji utaona matangazo yamebandikwa ubaoni. Lipo la mkutano mkuu wa kijiji. Lipo la chanjo ya watoto. Na mara nyingine lipo tangazo la kazi. Shule inataka mpishi. Zahanati inataka mlinzi. Chama cha ushirika kinataka mtu wa ghala kwa msimu wa pamba.

Asiyejua kusoma hulipita tangazo kama hilo kama anavyoupita ukuta mtupu. Ninyi mmehitimu kisomo. Mnalisoma wenyewe, na mnaweza kuandika barua ya kuomba kazi kwa mkono wenu. Hiyo ni hatua kubwa.

Lakini katika madarasa tunayoyatembelea tumeona jambo moja linalowakosesha watu kazi wanazoziweza. Mtu ana barua moja tu. Labda aliinakili kwa jirani, labda alimlipa mtu mjini akamwandikia. Akisikia kuna kazi ya ulinzi, anaipeleka. Akisikia kuna kazi ya upishi, anafuta neno "ulinzi", anaandika "upishi", anaipeleka ile ile. Asipoitwa anasema, "Kazi zina wenyewe." Upendeleo upo mahali pengine, hatukatai. Lakini mara nyingi barua yenyewe ndiyo iliyomwangusha.

Fundi cherehani hashoni gauni moja kwa wanawake wote wa kijiji. Humpima kila mmoja kwanza, ndipo akakata kitambaa. Barua ya kazi nayo hupimwa. Kipimo chake ni tangazo.

BARUA YAKO INASOMWA NA NANI?

Kazi ya mpishi wa shule, barua zinasomwa na mwalimu mkuu pamoja na kamati ya shule. Kazi ya ghala, zinasomwa na viongozi wa chama cha ushirika. Watu hawa wana barua nyingi mezani, na muda ni mfupi. Wanatafuta jambo moja tu: nani kati ya hawa ataiweza kazi hii?

Sasa wakikuta barua inasema, "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, naomba kazi yoyote," watajua nini? Hawatajua kitu. Kila mtu husema yeye ni mchapakazi. Na ukisema "kazi yoyote", wataona kwamba hata tangazo lao hukulisoma.

LISOME TANGAZO MARA TATU

Mara ya kwanza, soma upate kujua ni kazi gani, nani anaitangaza, na kazi iko wapi.

Mara ya pili, shika penseli. Piga mstari chini ya kila sifa inayotakiwa. Angalia maneno yenyewe. Tangazo likisema "lazima awe na cheti cha kidato cha nne", na wewe huna cheti hicho, usipoteze nauli yako. Kazi nyingi za serikali ziko hivyo. Lakini likisema "mwenye uzoefu atapewa nafasi ya kwanza", hapo hawajakufungia mlango hata kama uzoefu wako ni mdogo. Tofauti ya maneno hayo ni kubwa.

Mara ya tatu, angalia namna ya kupeleka maombi. Siku ya mwisho ni ipi? Barua iandikwe kwa nani? Iambatane na nini? Wengine hutaka barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji. Wengine hutaka wadhamini. Kazi nyingi za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huombwa kwa mtandao, si kwa karatasi. Kwa kazi kama hizo, mwombe kijana anayejua, au nenda kwenye duka la steshenari lenye kompyuta. Lakini maneno ya barua yawe yako.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme ubaoni kuna matangazo mawili.

La kwanza linasema hivi: "Kamati ya shule inatafuta mpishi wa chakula cha mchana cha wanafunzi 300. Awe mkazi wa kijiji hiki, awe na afya njema, ajue kusoma na kuandika, na aweze kutunza hesabu ya chakula kinachotoka stoo. Mwenye uzoefu wa kupikia watu wengi atapewa nafasi ya kwanza."

La pili linasema hivi: "Chama cha ushirika kinatafuta msaidizi wa ghala kwa msimu wa pamba. Awe mwaminifu, ajue kusoma mizani, ajue kujaza daftari la mapokezi na kuandika stakabadhi ya mkulima. Awe na wadhamini wawili."

Na tuseme kuna mama mmoja anataka kuomba kazi zote mbili. Ana umri wa miaka 38. Amehitimu kisomo. Analima ekari 2 za pamba. Kwa miaka 4 amekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 25. Watu wa kijiji humwita kusimamia mapishi ya harusi na misiba. Siku ya gulio anauza uji na maandazi. Msimu uliopita alikuwa kibarua ghalani, akapanga marobota na kusaidia kwenye mizani. Tena anaimba kwaya.

Mama huyu akiandika yote hayo katika kila barua, wasomaji watachoka. Asipoandika hata moja, hawatamjua. Afanye nini basi?

Achukue karatasi na kuigawa kwa mstari katikati. Upande wa kushoto aandike kinachotakiwa. Upande wa kulia aandike alichokifanya yeye kinachojibu hapo.

Kwa kazi ya upishi itakuwa hivi:

Kupikia watu wengi: amepikia harusi ya watu 250.
Hesabu ya chakula: ameandika daftari la kikundi miaka 4. Tena kila siku ya gulio hupima unga na sukari na kuandika matumizi.
Afya njema: yuko tayari kupimwa zahanati.
Mkazi wa kijiji: ndiyo, tangu kuzaliwa.

Kwa kazi ya ghala itakuwa hivi:

Uaminifu: ameshika fedha za watu 25 kwa miaka 4, na hesabu husomwa mbele ya wanachama wote.
Mizani: alisaidia kupima pamba msimu uliopita.
Kujaza daftari: hujaza daftari la kikundi kila wiki.
Wadhamini: mwenyekiti wa kikundi na mwenyekiti wa kitongoji wamekubali.

Ndugu wasomaji, angalieni daftari la kikundi. Limetumika pande zote mbili, lakini halisemi jambo lile lile. Kwa mwalimu mkuu linaonyesha kuwa mama anaweza kuandika kilo za unga zilizotoka stoo. Kwa chama cha ushirika linaonyesha kwanza kuwa mali ya watu haikupotea mikononi mwake. Maisha ya mama ni yale yale. Hakuongeza chumvi. Amechagua tu upande wa kuonyesha.

Na kwaya je? Kwaya ni jambo jema, lakini hakuna tangazo lililoiuliza. Aiache.

MFANO WA BARUA

Hii ndiyo barua ya mama huyo kwa shule. Juu, upande wa kulia, ataandika anwani yake na tarehe. Chini yake, upande wa kushoto, ataandika anwani ya mwalimu mkuu. Kisha:

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: KUOMBA KAZI YA MPISHI WA SHULE

Nimesoma tangazo lililobandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Naomba kazi ya mpishi wa chakula cha mchana.

Mimi ni mkazi wa kijiji hiki, nina umri wa miaka 38. Nimezoea kupikia watu wengi. Mwaka jana nilisimamia mapishi ya harusi ya watu 250. Tulipika kilo 60 za mchele, na chakula kilitosha wageni wote.

Najua kusoma, kuandika na kutunza hesabu. Kwa miaka 4 nimekuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Naweza kuandika kila siku chakula kilichotoka stoo na kilichobaki.

Niko tayari kupimwa afya kabla ya kuanza kazi. Mwenyekiti wa kitongoji ananifahamu na anaweza kuulizwa habari zangu.

Nitashukuru nikiitwa kwa mahojiano.

Wako,
(Sahihi, jina kamili na namba ya simu)

Barua imekwisha. Haijazi hata ukurasa mmoja. Wengi huanza barua kwa kusema, "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Si kosa, lakini maneno hayo hayamwambii msomaji lolote. Mama ameanza moja kwa moja na kazi anayoiomba.

Tazama tena hesabu zake: watu 250, kilo 60, miaka 4. Namba husema zaidi ya sifa. Ukisema "nina uzoefu mkubwa", msomaji anaweza kuwa na shaka. Ukisema "nilipikia watu 250", anaweza kuuliza kijijini na kuthibitisha.

NA WASIFU JE?

Waajiri wengine hutaka barua iambatane na wasifu. Wasifu ni karatasi inayoeleza kwa ufupi wewe ni nani, umesoma nini, umefanya kazi gani, na nani anaweza kukushuhudia. Nao usiwe mmoja kwa kazi zote. Jina, mwaka wa kuzaliwa na elimu havibadiliki. Kinachobadilika ni mpangilio wa kazi ulizofanya. Ile inayofanana na kazi unayoiomba, ieleze kwa mistari miwili au mitatu. Nyingine zitaje kwa mstari mmoja.

Msidharau kazi kwa sababu haikuwa na mshahara. Kuwa katibu wa kamati ya maji ni kazi. Kuwa mgambo ni mafunzo. Kulinda shamba la shule usiku ni uzoefu wa ulinzi. Wahitimu wengi wa kisomo hutuambia, "Sisi hatujawahi kufanya kazi." Tukiwauliza walichofanya miaka 10 iliyopita, wanajaza daftari zima!

KUCHAGUA SI KUSEMA UONGO

Hapa tunataka tueleweke vizuri. Kuipima barua kwa tangazo ni kuchagua yaliyo kweli. Si kutunga. Kama hujawahi kusoma mizani, usiandike kuwa unajua. Andika, "Sijatumia mizani ya ghala, lakini najua kusoma kilo kwenye mizani ya dukani, na niko tayari kufundishwa." Kiongozi mwenye busara huheshimu maneno hayo. Ukidanganya, siku ya kwanza ghalani utaumbuka, na mkulima ataandikiwa kilo zisizo zake.

Cheti cha kughushi ni hatari zaidi. Mwezi Aprili 2017, baada ya vyeti kukaguliwa nchini Tanzania, ilitangazwa kuwa watumishi wa umma zaidi ya 9,900 walikuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini, na wengine walikuwa wametumika miaka mingi.

Tena, mtu akikwambia, "Nipe fedha nikupitishie barua," usimpe. Kutoa rushwa ni kosa sawa na kupokea. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inasema hivyo. Nenda ukatoe taarifa TAKUKURU. Mara nyingi mtu huyo hana hata uwezo wa kuipitisha barua. Atakula fedha zako na kazi hutaiona.

KABLA YA KUIPELEKA

Mpe mtu mwingine aisome barua yako kwa sauti. Wewe shika tangazo mkononi. Kila sifa inapojibiwa, weka alama. Sifa isiyo na alama, rudi uongeze jibu lake, kama unalo kweli. Kisha nakili barua upya kwa mwandiko safi, weka sahihi, na ubaki na nakala yako. Ukiitwa kwa mahojiano, wataulizia hayo hayo uliyoyaandika.

Hatuwezi kuwaahidi kwamba kila barua itapata kazi. Nafasi ni moja na waombaji ni wengi. Lakini mpishi hodari asikose kazi ya upishi kwa sababu barua yake haikuutaja upishi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini si vizuri kuandika "naomba kazi yoyote"?
2. Kuna tofauti gani kati ya "lazima awe na" na "atapewa nafasi ya kwanza"?
3. Zahanati inataka mlinzi wa usiku. Ungekuwa yule mama, ungeandika nini na ungeacha nini?
4. Kila mmoja aandike mambo 5 aliyowahi kufanya bila mshahara. Kisha mjadiliane kila jambo linafaa kutajwa kwa kazi gani.
5. Andika barua ya mama huyo kwa chama cha ushirika. Isizidi ukurasa mmoja.