Hatari ya kuchanganya peptidi ili kupona haraka

KIJANA anayenyanyua vyuma Diani, au mwanasoka wa Msambweni aliyeumia goti, hutamani kurejea uwanjani upesi. Tamaa hiyo ndiyo inayowapa soko wauzaji wa peptidi, sindano zinazouzwa kupitia intaneti kwa madai kwamba huponya majeraha na kujenga misuli.

Peptidi ni minyororo mifupi ya asidi za amino, vijenzi vya protini. Mwili huzitengeneza wenyewe. Insulini ni mojawapo, na imeokoa wagonjwa wa kisukari tangu 1922. Tatizo basi si peptidi zote, bali zile ambazo hazijaidhinishwa kuwa dawa ya binadamu.

Wanaozitumia huchanganya makundi mawili. La kwanza ni BPC-157 na TB-500, zinazodaiwa kuponya kano na misuli. La pili ni CJC-1295 na ipamorelini, ambazo huichochea tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kutoa homoni ya ukuaji. Moja huiga amri ya ubongo, nyingine huiga homoni ya njaa itokayo tumboni. Ndipo watu wakadhani kwamba zikiungana faida itazidi.

Hata hivyo, ushahidi mwingi kuhusu BPC-157 umetokana na panya, wala si binadamu. Isitoshe, anayedunga dawa nne kwa pamoja akipata madhara, daktari hatajua ni ipi iliyoyaleta. Homoni ya ukuaji ikizidi hupandisha sukari mwilini, huvimbisha miguu na kuumiza viungo. Vilevile, kwa kuwa huchochea seli kukua, kuna hofu kwamba yaweza kuustawisha uvimbe wa saratani ambao haujagunduliwa.

Vichupa vyenyewe huandikwa kuwa ni vya utafiti pekee, hivyo mnunuzi hana hakika ya kilichomo. Nyingi huhitaji jokofu zikishachanganywa na maji, jambo gumu katika joto la Pwani. Nao wanaochangia sindano hujiweka katika hatari ya virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Kwa mwanamichezo, hasara ni maradufu. Shirika la kukabiliana na dawa za kusisimua misuli duniani (WADA) limezipiga marufuku zote nne. BPC-157 iliingizwa katika orodha hiyo mnamo 2022. Kenya nayo ina sheria yake ya 2016 dhidi ya dawa hizo. Rita Jeptoo, bingwa wa mbio za Boston, alipatikana na EPO mnamo 2014 na hatimaye akafungiwa miaka minne.

Aliyeumia ana njia iliyo salama zaidi: kupimwa hospitalini, kupumzisha kiungo na kurejea mazoezini hatua kwa hatua chini ya mtaalamu. Samaki, kunde na mayai humpa protini anayohitaji. Nayo homoni ya ukuaji, ambayo wengi huinunua kwa bei ghali, mwili huitoa kwa wingi bila malipo mtu anapolala usingizi mzito.