Kuokoka si kinga ya risasi

Kitenzi 'kuokoka' kina kazi mbili katika Kiswahili chetu, na ni nadra kusikia kazi hizo zikitenganishwa ipasavyo katika mimbari za Kenya. Abiria aliyetoka hai katika basi lililobingirika karibu na Mwingi husemwa kuwa ameokoka. Kijana aliyesimama mbele ya mkutano wa injili, akaungama dhambi zake na kumkiri Kristo, naye husemwa kuwa ameokoka. Wakikuyu wana jambo lilo hilo katika lugha yao, ndiposa ndugu wa Uamsho wakaitwa 'Ahonoki'. Hata Kisomali, lugha ya wenyeji wa Garissa, hutumia neno 'badbaado' kwa maana ya usalama, na waliotafsiri Biblia kwa lugha hiyo walichukua mzizi huo huo wakausemea wokovu.

Alhamisi ya tarehe 2 Aprili 2015, maana hizo mbili zilikutana uso kwa uso mjini Garissa. Alfajiri ya siku hiyo, watu wanne wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Miongoni mwa waliowatangulia kuwaua ni wanafunzi wa Umoja wa Wakristo waliokuwa wamekusanyika kwa sala za asubuhi. Waliokufa siku hiyo walikuwa 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Ilikuwa Alhamisi Kuu, siku ambayo Wakristo huukumbuka usiku ule Yesu alipoomba bustanini kikombe kimwepuke, na kikombe hakikumwepuka.

Kwa hivyo miongoni mwa waliookoka, wengi hawakuokoka. Sentensi hiyo inasikika kama mzaha mbaya. Hata hivyo, ndiyo iliyowabana wazazi waliokwenda kuwatafuta watoto wao katika hifadhi ya maiti ya Chiromo, Nairobi, Pasaka ile. Wengi wa wazazi hao walikuwa wamewalea watoto kanisani na kuwafundisha kuomba kabla ya safari. Walipotuma watoto Garissa waliamini kwamba maombi yamekwisha kuwazungushia boma. Na mafundisho hayo hawakuyaokota njiani. Waliyapata kanisani.

Yeyote aliyewahi kupanda basi la kwenda mbali katika stesheni ya Machakos jijini Nairobi anaijua sala inayotangulia safari. Mhubiri huingia, hufungua kwa pambio, hukemea roho za ajali, kisha hulifunika gari kwa damu ya Yesu kuanzia usukani hadi magurudumu ya nyuma. (Sadaka hukusanywa kabla gari halijaondoka, na sijasikia aliyerudishiwa yake baada ya pancha.) Kumwombea msafiri ni jambo jema, wala simdhihaki anayefanya hivyo. Ila hapo wokovu umegeuzwa bima, na mwenye bima asipolipwa hana budi kuuliza ni nani aliyemtapeli.

Mambo hayakuwa hivyo tangu awali. Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937 haukumwahidi mtu usalama. Aliyeokoka wakati huo alitambuliwa kwa madeni aliyolipa, mali ya wizi aliyorudisha kwa mwenyewe na ugomvi aliokwenda kuusuluhisha. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, wapo ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu waliokataa kula kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia kubeba bunduki za serikali ya mkoloni. Baadhi yao waliuawa. Hawakuona kwamba wokovu wao umevunjika kwa kuuawa, kwa maana hawakuwa wameununua kwa bei ya kuishi.

Baadaye ilikuja injili nyingine. Katika miaka ya themanini na tisini, kwa mikutano ya viwanjani, kanda za kaseti na hatimaye televisheni, tulianza kusikia kwamba aliyeokoka ni kichwa wala si mkia, hana haja ya kuugua, hana haja ya kupanga nyumba ya chumba kimoja, na kwamba akiugua au akifilisika, kasoro itafutwe katika imani yake. Mtumishi wa serikali aliyepelekwa Garissa, Wajir au Mandera aliihesabu barua yake ya kazi kama shambulio la adui. Akaomba, akafunga, akapanda mbegu ya fedha. Uhamisho ulipotoka akasimama kutoa ushuhuda kwamba Bwana amemwokoa. Mkutano ukapiga makofi, wala hakuna aliyeuliza habari za mwalimu aliyepelekwa kuchukua nafasi yake.

Ni mafundisho haya yaliyokosa la kusema baada ya Aprili 2015. Yana majibu mawili tu mbele ya maiti. La kwanza ni kwamba marehemu hakuwa na imani ya kutosha. Sijui ni mchungaji gani aliye na ujasiri wa kulitamka hilo mbele ya mama wa binti aliyepigwa risasi akiwa katika maombi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati wachungaji wengi wamelala. La pili ni kwamba Mungu alikuwa na kusudi na wale waliobaki hai. Jibu hili ni la upole zaidi, na ndiyo maana ni la hatari zaidi. Yule msichana aliyejificha ndani ya kabati akiomba hadi alipotolewa Jumamosi ana haki kamili ya kumshukuru Mungu kwa uhai wake, tena nani atamzuia? Lakini shukrani ni jambo moja na kipimo ni jambo jingine. Tukisema Mungu alikuwa na kusudi na aliye kabatini, tumesema nini juu ya aliyekuwa chini ya kitanda katika chumba cha pili?

Maandiko yenyewe ni manyofu kuliko wahubiri wake. Sura ya 12 ya Matendo ya Mitume inasimulia kwamba Herode alimwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga, kisha akamtia Petro gerezani. Kanisa likaomba, malaika akaja, minyororo ikaanguka, Petro akatoka. Mtume mmoja akachinjwa, mwingine akafunguliwa, na mwandishi haelezi ni kwa nini. Hasemi kwamba Yakobo alikuwa na dhambi iliyofichika, wala hasemi kwamba watu walisahau kumwombea. Vijana watatu waliotupwa katika tanuri la Babeli walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na kwamba hata asipofanya hivyo hawataisujudia sanamu. Yesu naye alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu alikataa katakata dhana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Waliomtaka ajiokoe ashuke msalabani ndio waliokuwa wakimdhihaki. Wazo kwamba mwokozi wa kweli lazima aokoe ngozi yake kwanza lilikuwa lao.

Je, kuokoka ni kuokolewa kutokana na nini, basi? Mafundisho ya Kikristo ya tangu zamani hujibu kwamba ni kutokana na dhambi, na kutokana na mauti kuwa na neno la mwisho. Hapo hapajatajwa risasi, mafuriko ya Tana, wala barua ya uhamisho.

Liko kosa jingine, na Kaskazini Mashariki imelifichua kuliko mahali pengine popote nchini. Ni lile la kudhani wokovu ni kitambulisho, yaani orodha ya walio ndani na walio nje. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilisimamishwa, abiria wakatakiwa kusoma maneno ya Kiislamu, na walioshindwa wakauawa. Walikufa watu 28, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo. Mwuaji aliamini kwamba mstari unaotenganisha watu wa Mungu na wengine unaweza kuchorwa kando ya barabara kwa mtihani wa dakika moja. Inachukiza kukiri hivi, lakini mlokole anayemwangalia jirani yake kwa swali la 'ndani au nje' anautumia mtihani wa namna iyo hiyo, ijapokuwa hana bunduki.

Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, mstari huo ulifutwa na abiria wenyewe. Washambulizi walilisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera na kuwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Salah Farah, mwalimu na Mwislamu, alikuwa miongoni mwa waliogoma kuwatoa wenzao, akapigwa risasi, na akafa Januari 2016 akitibiwa Nairobi. Serikali ilimtunuku nishani baada ya kifo chake. Sitaingia katika swali la kama Farah 'aliokoka' kwa maana ya wanamaombi, kwani hukumu hiyo si yangu wala yao. Ninalojua ni kwamba kuna Wakristo walio hai leo kwa sababu yake, na kwamba mmoja wa mifano mashuhuri ya Yesu unamhusu mtu wa dini nyingine aliyemwinua majeruhi njiani ilhali kuhani na Mlawi walipita kando. Vivyo hivyo, baada ya Julai 1, 2012, watu 17 walipouawa katika kanisa la Africa Inland mjini Garissa na kanisa kuu la Kikatoliki likashambuliwa asubuhi iyo hiyo, viongozi wa Kiislamu waliafikiana kwamba vijana wao wasaidie kuyalinda makanisa.

Atakaye kumwona aliyeuelewa wokovu vingine asiende mbali na Wajir. Annalena Tonelli, Mkatoliki kutoka Italia ambaye hakuwa mtawa wala hakutumwa na shirika lolote la kimisheni, alifika Kenya mwaka 1969. Kuanzia mwaka 1976 aliwatibu wafugaji wa kuhamahama waliougua kifua kikuu, akiwakalisha katika manyatta kando ya mji hadi wamalize dawa, jambo ambalo wataalamu walidhani haliwezekani kwa watu wasiotulia mahali pamoja. Februari 1984, wanajeshi walipowakusanya wanaume wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, ni yeye aliyekwenda kuwaokota majeruhi na maiti na kuhakikisha dunia inapata habari. Serikali ya wakati huo ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikadiria kuwa ni karibu 1,000. Mwaka 1985 ilimbidi Tonelli aondoke Kenya. Hakurudi kwao kustarehe. Aliendelea na kazi iyo hiyo miongoni mwa Wasomali hadi alipopigwa risasi huko Borama tarehe 5 Oktoba 2003. Kwa hesabu ya wahubiri wa mafanikio, maisha hayo ni hasara tupu.

Nisije nikaeleweka visivyo. Wako wanaofika kwenye ncha ya pili, wakasema kwamba kwa kuwa wokovu ni wa roho, mwili hauna maana. Tuliona mwisho wa njia hiyo Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaosemekana kufunga hadi kufa wakitarajia kumwona Yesu. Yakobo akiuawa na Herode, kosa ni la Herode, na mwili wa Yakobo ulistahili kulindwa. Hili lina maana kwa Garissa. Shambulio la chuo lilichukua takriban saa 15, na kikosi maalum cha Recce kililazimika kusafirishwa kutoka Nairobi. Kila tulipouliza Mungu alikuwa wapi, tulipaswa pia kuuliza ndege ilikuwa wapi. Fundisho linalodai kwamba aliyeokoka hulindwa na malaika peke yao huwafaa sana maafisa wa usalama, maana halimdai afisa yeyote maelezo. Maombi ya kitaifa ni mema. Yasitumiwe badala ya uchunguzi.

Wanafunzi walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha wengi waliotoka nje ya eneo hilo, na shule nyingi zikabaki na madarasa yasiyo na mwalimu. Siwalaumu waliokwenda. Hakuna mtu anayepaswa kuamriwa kuwa shahidi, sembuse na mwajiri wake. Lakini wako waliobaki: wauguzi, mafundi wa ujenzi, wachuuzi wa mboga, makarani wa kaunti. Jumapili hukaguliwa mlangoni kabla ya kuingia ibadani, askari akiwa amesimama nje na bunduki yake, na wakishaketi huimba nyimbo za wokovu zile zile zinazoimbwa Nyeri na Kakamega.