Kenya: Mke wa pwani na maneno ya mahakamani

Wapo wanaodhani kuwa katika ndoa ya Kiislamu mwenye kauli ni mume peke yake: yeye hutamka talaka, mke huvumilia. Mahakama za kadhi katika pwani ya Kenya zinaonyesha jambo jingine.

Mahakama hizo, zinazotambuliwa na Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, husikiliza mashauri ya ndoa, talaka na mirathi iwapo pande zote ni Waislamu na zimeridhia. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Susan Hirsch, aliyefanya utafiti Malindi na Mombasa katika miaka ya 1980, aliona kwamba wengi wa wanaofungua mashauri ni wanawake, na aghalabu hushinda. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1998.

Ushindi huo, hata hivyo, una gharama. Mwanamke wa Kiswahili hulelewa kusitiri mambo ya nyumbani mwake. Akinyimwa matumizi au akipigwa, huambiwa astahamili kwanza, kisha awaendee wazee wa pande mbili. Kadhi naye hawezi kuamua bila kuelezwa. Basi mke hulazimika kusimulia, tena kwa kirefu, yale aliyofundishwa kuyaficha.

Ugumu huzidi shauri linapohusu unyumba. Katika madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani, mke ana haki ya kuomba ndoa ivunjwe ikiwa mumewe hawezi tendo la ndoa. Sheria inamtaka aseme. Mila inamtaka anyamaze. Na si kwamba mambo hayo hayajui, kwani kungwi alimfunda kwa uwazi kabla ya harusi, lakini ndani, baina ya wanawake. Kinachobadilika mahakamani ni wasikilizaji.

Hapo ndipo uchambuzi wa Hirsch una uzito zaidi. Mke anayeeleza dhuluma aliyotendewa hupata haki yake, lakini papo hapo huonekana mtoboa siri, na hivyo huipa nguvu ile dhana ya kale kwamba wanawake hawana staha ya ulimi.

Asiyetaka kuyasema anaweza kuomba khului: hurudisha mahari, au mali nyingine watakayokubaliana, na hatakiwi kuthibitisha kosa lolote la mume. Lakini khului haipiti mpaka mume mwenyewe aridhie.