Mgonjwa Akiumia Hospitalini, Ushahidi Uko Wapi?

Neno la leo lawahusu hasa ninyi mkaao mbali na barabara kuu, huko Maneromango na Mzenga katika Kisarawe, au Soga na Magindu upande wa Kibaha. Mtoto akishikwa na homa mwampeleka zahanati. Ikizidi, hospitali ya wilaya. Ikizidi tena, mwapelekwa Tumbi, hospitali iliyotokana na ule mradi wa Denmaki, Norwe, Uswidi na Ufini ulioanza Kibaha mwaka 1963; na mwisho wa safari ni Muhimbili. Wengi hurudi wazima, nasi twamshukuru Mungu, na waganga pia. Lakini yuko mmoja mmoja aliyeingia akitembea, akatoka akibebwa. Jamaa hukaa ukumbini wakasema, "Ni sindano ile." Je, ni sindano kweli? Na nani atalithibitisha neno hilo mbele ya hakimu?

Maana sheria yetu yasema kwamba anayedai ndiye mwenye kuthibitisha. Si lazima aondoe kila shaka, kama inavyotakiwa katika kesi ya mwizi. Yatosha mizani ielemee upande wake. Lakini yampasa aonyeshe mambo mawili: kwamba mganga au muuguzi hakufanya kama ilivyompasa, tena kwamba ni kosa hilo lililoleta madhara, wala si ugonjwa wenyewe. Hilo la pili ndilo gumu.

Mara chache jeraha lenyewe husema. Mwezi wa Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa: aliyekuja kwa ajili ya goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Hapo hata mtoto wa shule aona kosa liko wapi.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na shauri la namna nyingine. Mwezi wa Agosti 2013 mama mmoja alikwenda kujifungua katika hospitali ya serikali ya Bungoma. Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba uzazi ni bure, lakini yeye aliambiwa anunue dawa mwenyewe. Vitanda havikutosha. Uchungu ulipomshika hakupata msaada, akazimia, akajifungua mtoto sakafuni; wauguzi, badala ya kumhurumia, wakamtukana na kumpiga. Mambo kama hayo akina mama husimuliana kisimani, nayo huishia kisimani. Lakini safari hii kulikuwa na mtu aliyepiga picha za video, zikaonyeshwa katika televisheni, nchi nzima ikaona. Mama yule akafungua kesi mwaka 2014. Wadaiwa walipinga. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ikaamua kwamba heshima yake ya utu ilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya na kuombwa radhi. Angalieni miaka: mtoto yule alikwisha kufikia umri wa kwenda shule.

Sasa lisikieni shauri la Uingereza ambalo mawakili hulisoma hata leo. Tarehe 13 Oktoba 1947, katika mji wa Chesterfield, wanaume wawili walipasuliwa siku moja, kazi ndogo tu, wote wakichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Wote wawili wakapooza toka kiunoni kwenda chini. Watu wawili, siku moja, sindano ya namna moja. Nani asingesema hospitali ina kosa? Wakashtaki. Barazani akasimama bingwa mmoja akaeleza: vichupa vya dawa hutunzwa ndani ya maji ya fenoli, dawa kali ya kuua vijidudu, vioo vyake vilipata nyufa nyembamba zisizoonekana kwa macho, fenoli ikapenya ndani. Mahakama ikayakubali maelezo hayo, lakini wadai wakashindwa, mwaka 1953 na tena katika rufani mwaka 1954. Hakimu Denning na wenzake walisema kwamba mwaka 1947 hakuna mganga aliyejua hatari ya nyufa hizo, wala si haki kumhukumu kwa elimu iliyopatikana baadaye. Wale wawili hawakupata kitu. Tena miaka mingi baadaye waganga wengine walizitilia shaka hata nyufa zenyewe. Walisema yaelekea sababu ilikuwa asidi iliyotumika kusafisha chombo cha kuchemshia vifaa, isioshwe vema. Basi huenda shauri zima lilikatwa juu ya ushahidi usio wenyewe. Mimi naona hilo ni jambo la kutisha kidogo.

Twarudi kwetu. Mgonjwa wa kijijini ana nini mkononi? Ana daftari lake. Humo mmeandikwa tarehe, jina la dawa na kipimo chake. Nalo daftari hilo, mama akiisha kupona, watoto hulichana wakatengeneza tiara! Litunzeni pamoja na hati ya shamba, na karatasi za rufaa, na stakabadhi za duka la dawa. Jalada kubwa hubaki hospitalini, yaani mikononi mwa yule anayeshtakiwa. Ombeni nakala kwa maandishi, mapema, kwa heshima.

Kesi ya madhara ya namna hii yataka ifunguliwe kabla ya miaka 3 kwisha. Kama hospitali ni ya serikali, kwanza hutolewa taarifa ya siku 90, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Hospitali za misheni hazina kinga hiyo, wala hazistahili kuililia. Anayetaka tu mganga akanywe aweza kulipeleka lalamiko kwenye Baraza la Madaktari la Tanganyika, lakini huko hakuna fidia. Asiye na fedha ya wakili awaulize wasaidizi wa kisheria, ambao sheria ya mwaka 2017 inawatambua.

Kwa mtoto mdogo miaka ile 3 haianzi kuhesabiwa mpaka awe mtu mzima. Wazazi wengine wakisikia hivyo hukaa wakingoja. Wakati huo muuguzi amehamishwa Lindi, mganga amestaafu, na jalada limeingia mchwa.