Dawa Isiyomezwa Haiponyi

Tuseme ni asubuhi katika nyumba moja huko Hombolo, kilomita zipatazo 40 kutoka mjini Dodoma. Mjukuu amekwenda kumwamkia bibi yake kabla ya kwenda shuleni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, umekwisha kumeza dawa?"

"Nimekwisha. Nenda zako, usije ukachelewa."

Mtoto akaenda akiwa ameridhika. Lakini Jumamosi mama wa nyumba alipoutoa mkeka nje kuukung'uta vumbi, vikadondoka vidonge vya presha: kimoja, viwili, mpaka vikafika saba. Bibi akainamisha kichwa. Hakuwa na nia mbaya, wala hakuwa akimdharau mganga. Tangu alipopatwa na kiharusi, kila anywapo maji hupaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kidonge humkwama kooni. Ameona haya kusema, maana mtu mzima ataonekanaje akisema kwamba ameshindwa kumeza kitu kidogo kama punje ya mahindi?

Wasomaji wapendwa, jambo hili limo katika nyumba nyingi, ila halisemwi. Dawa yatolewa zahanati, yaandikwa kitabuni, yabebwa mpaka nyumbani, kisha yaishia chini ya mkeka au katika pindo la khanga. Ugonjwa nao waendelea na kazi yake. Presha isiyotibiwa yaweza kuleta kiharusi cha pili. Basi yafaa tujue kwa nini kumeza huwa kugumu, na njia zipi zimepatikana za kulirahisisha.

NJIA MBILI KATIKA KOO MOJA

Kooni mwetu mna njia mbili. Moja ni ya chakula, nayo hushuka tumboni. Ya pili ni ya hewa, nayo huenda mapafuni. Tunapomeza, kifuniko kidogo huiziba njia ya hewa kwa nukta moja, chakula kikapita, kisha kikafunguka tena. Kwa mtu mzima mwenye afya kazi hiyo hufanyika yenyewe. Lakini kwa mzee, au aliyepata kiharusi, misuli hulegea na kifuniko hukawia.

Hapo ndipo maji yanapoleta shida. Watu wengi hudhani kwamba maji ndiyo mepesi kuliko vyote kumeza. Kwa mgonjwa wa namna hii sivyo. Maji hukimbia upesi, yakafika kooni kabla kifuniko hakijawa tayari, yakaingia njia ya hewa. Kitu kilicho laini na kizito kidogo hushuka polepole kwa pamoja, koo likapata nafasi ya kujiandaa. Wagogo, ambao ugali wao wa uwele au mtama hauachani na mlenda, walijua zamani kwamba tonge lenye utelezi hushuka bila kugombana na koo.

JELI YA DAWA

Maarifa hayo ndiyo yaliyozaa dawa za jeli. Hapa hatusemi ile jeli ya kupaka ngozini inayouzwa madukani. Hiyo hailiwi. Tunasema chakula laini kilichoganda, chenye kutikisika kikiwa kijikoni, kinachoteleza kooni bila kutafunwa. Ziko za namna mbili. Ya kwanza ina dawa ndani yake tangu ilipotengenezwa. Ya pili haina dawa yo yote; ni ya kusaidia tu. Mgonjwa hukiweka kidonge chake katikati ya jeli hiyo kijikoni, vyote vikamezwa pamoja.

Nchi ya Japani, yenye wazee wengi sana, ndiyo iliyotia bidii kubwa katika jambo hili. Mwaka 1998 kampuni ya Ryukakusan ya huko ilitoa jeli ya kusaidia kumeza dawa, na baadaye ikatoa nyingine ya watoto, yenye ladha ya matunda.

Wazo lenyewe la kuifunika dawa kwa kitu chenye kuteleza ni la zamani zaidi. Mwaka 1834, kule Ufaransa, Mothes na Dublanc walipewa haki ya ugunduzi wa kifuko cha jelatini cha kutilia dawa zenye ladha mbaya. Jelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Ndiyo asili ya vidonge vya kifuko tunavyopewa hata leo, vile vinavyokuwa laini vikipata mate.

Lakini si jelatini peke yake igandishayo. Kitu kingine huitwa karajinani, nacho hutoka katika mwani wa baharini. Kina mama wa Paje na Jambiani, Unguja, wamekuwa wakilima mwani wa namna hiyo tangu mwaka 1989. Huufunga kwenye kamba maji yanapokupwa, huuvuna, huuanika, kisha husafirishwa nchi za nje, ambako viwanda huukamua karajinani ya kugandishia vyakula na dawa. Basi huenda jeli inayomsaidia bibi wa mbali kumeza dawa yake ilianzia mikononi mwa mama wa Unguja.

Hata hivyo, jeli nayo ina hatari yake. Mnamo mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulikataza peremende za jeli zilizogandishwa kwa unga wa mzizi uitwao konjaki, kwa sababu zilikuwa ngumu kuyeyuka na ziliwakaba watoto kooni. Kitelezacho si lazima kiwe salama. Mtoto mdogo asipewe donge zima la jeli ya namna yo yote.

KILICHO KARIBU NASI

Msomaji wa kijijini atauliza: "Jeli hiyo ya Japani nitaipata wapi mimi?" Kweli, katika zahanati ya kijiji si rahisi kuikuta. Lakini yako mambo mengine yaliyo karibu, yenye shabaha ile ile.

Wazazi waliolea watoto kabla ya mwaka 2001 hawajasahau klorokwini, jinsi ilivyokuwa chungu. Mtoto alishikwa mikono na miguu, akabanwa pua, akamwagiwa dawa mdomoni. Nusu aliitapika. Dawa mseto ya malaria ilipokuja, ilikuwa vidonge, na mama alilazimika kuvisaga kwa kijiko. Kisha watafiti wakaijaribu dawa mseto ya watoto inayoyeyuka katika maji kidogo, yenye ladha ya tunda. Jaribio lilifanyika katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwamo, kwa watoto 899. Mtafiti wa Kitanzania, Salim Abdulla, ndiye aliyeongoza taarifa yake iliyotolewa mwaka 2008. Ilionekana kwamba dawa hiyo yaponya sawasawa na vidonge vilivyosagwa, na mwaka 2009 ikaanza kutolewa.

Tangu hapo zimeongezeka. Zinki apewayo mtoto mwenye kuhara huyeyuka katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Dawa za kifua kikuu za watoto zimetengenezwa hivyo pia. Kenya ndiyo iliyotangulia kuzieneza nchi nzima, mwaka 2016. Kwa hiyo, mama, unapopewa dawa ya mtoto, uliza: "Je, hii ni ya kuyeyusha?"

Hombolo wana sababu nyingine ya kulijali jambo hili. Kwa miaka mingi jina la mahali hapo lilijulikana, mbali na bwawa lake na zabibu zake, kwa kituo cha kuwatunza wenye ukoma. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza ukoma utibiwe kwa dawa kadhaa kwa pamoja, na siku hizi ni kwa miezi 6 au 12 kwa kadiri ya ugonjwa. Moja ya dawa hizo, klofazimini, ni kifuko laini cha jelatini cha rangi ya kahawia, nacho humezwa kizima. Ukoma wapona kabisa, na dawa zake hutolewa bure. Lakini mgonjwa mwenye kuruka siku, kwa kuwa koo lake lakataa, ajinyima uponyaji alioletewa mpaka mlangoni.

MAMBO YA KUKUMBUKA NYUMBANI

Kwanza, mgonjwa akae wima ndipo ameze, wala asilale mara moja baada ya kumeza. Vidonge vingine, kama doksisaiklini, vikikwama njiani huchoma umio na kufanya kidonda.

Pili, kidonge cha kifuko huelea juu ya maji. Watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha mwaka 2014 kwamba chamezwa vizuri zaidi mtu akiinamisha kichwa mbele kidogo. Wengi wetu hukiinua juu, na ndipo kifuko kinapobaki mdomoni. Shauri hili ni la mtu asiye na ugonjwa wa koo. Anayepaliwa na maji na amwone mganga kwanza.

Tatu, usisage kidonge wala kufungua kifuko kabla ya kuuliza. Viko vidonge vya presha vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole mchana kutwa. Ukivisaga, dawa yote huingia mwilini mara moja, presha ikashuka ghafula, mgonjwa akaanguka. Vingine vimepakwa ngozi ya nje ili visiyeyuke tumboni mapema.

Nne, kama mganga ameruhusu kutia dawa katika chakula, tia katika kijiko kimoja cha uji mzito uliopoa. Usitie katika bakuli zima, maana mgonjwa akibakiza uji amebakiza dawa. Usitumie mlenda mzito bila kuuliza. Ute mzito waweza kukawiza kidonge kuyeyuka. Tena maziwa si rafiki wa kila dawa. Dawa mseto hufanya kazi vizuri pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, lakini tetrasaiklini hudhoofishwa nayo.

Tano, usimbane mtoto pua, wala usimmiminie dawa akiwa analia au amelala chali. Yaweza kuingia mapafuni. Mkalishe, umpe kidogo kidogo pembeni mwa shavu.

Sita, usiite dawa peremende ili mtoto akubali. Siku utakapokwenda kisimani atazitafuta hizo peremende mwenyewe. Dawa yenye ladha tamu ndiyo ya kufichwa juu zaidi kuliko ile chungu.

Na mtoto mwenye umri wa zaidi ya mwaka mmoja akikabwa, asiweze kukohoa wala kulia, mwinamishe mbele, umpige katikati ya mabega mara tano kwa kitako cha kiganja, huku watu wakiita msaada. Usichokore kooni kwa kidole usipokiona kitu chenyewe; utakisukuma ndani.

ULIZENI KWA UPOLE

Turudi kwa yule bibi. Wangeweza kumgombeza, naye angetafuta mahali pengine pa kufichia. Lakini mama aliviokota vile vidonge saba, akavifunga katika karatasi, akaketi karibu naye. "Mama," akamwambia, "kumbe vyakushinda kumeza?" Bibi akaitikia kwa kichwa. Kesho yake asubuhi wakaenda zahanati pamoja na karatasi ile ile. Muuguzi akamtazama anavyomeza maji kijiko kimoja, akavitazama vidonge, akaona kwamba ni vya namna inayoruhusiwa kusagwa. Akawaonyesha jinsi ya kuvisaga na kuvitia katika kijiko cha uji mzito, bibi akiwa amekaa wima. Akawaagiza pia wampeleke hospitali, koo lake lipimwe.

Siku hizi mjukuu hamwulizi tena bibi kama amekwisha kumeza. Huketi naye, akamshikia bakuli, akangoja mpaka kijiko kimetoka kitupu. Kazi hiyo yachukua dakika chache tu, na shuleni hachelewi.