Mtoto mzito wa kusema: Tuanze na masikio



Wazee husimulia kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni "tupa uchawi". Basi leo tutupe na dhana iliyobaki majumbani, kwamba mtoto wa shule asiyesema sawasawa amerogwa au ni mbishi.

Niliwahi kuletewa mvulana wa miaka minane. Shuleni aliitwa mzito, madrasa alichapwa kwa kutoitika. Mama yake alitaja, kama jambo dogo tu, kwamba sikio la mwanawe hutoka usaha kila msimu wa baridi. Tatizo lilikuwa hapo hapo. Asiyesikia vizuri ataigaje maneno?

Baridi yetu ya Juni na Julai huja na mafua, na mafua huweza kuzaa maradhi ya sikio. Ukiona usaha, ukaushe kwa utambi wa kitambaa safi cha pamba, kisha umpeleke mtoto kituo cha afya. Usitie mafuta wala maji ya majani. Kukata kimeo nako hakumfundishi mtoto kusema, bali kunaweza kumtoa damu nyingi na kumletea maambukizi.

Sikio huweza pia kuziba bila usaha. Simama nyuma ya mtoto, mwite kwa sauti ya chini. Asipoitika mara kadhaa, apimwe.

Masikio yakiwa salama, kazi ni ya nyumbani. Wapo wazazi wanaoacha Kifipa wakihofia kitamchanganya mtoto na Kiswahili cha shule. Sivyo. Zungumza naye kwa lugha unayoimudu, kwani mwenye maneno mengi katika lugha moja hupata pa kusimamia anapojifunza ya pili.

Mnapopukuchua mahindi, usimwulize maswali ya "ndiyo" na "hapana" tu. Mwulize, "Ilikuwaje?" kisha subiri amalize. Akisema "mbuzi amekura mahindi", usimcheke. Mjibu, "Kweli, mbuzi amekula mahindi! Aliingiaje shambani?" Amesikia neno sahihi bila kuaibishwa. Tegeaneni vitendawili. Babu asimulie jinsi Wafipa walivyoyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, kisha mjukuu asimulie upya.

Akitoka madrasa, kuhifadhi sura ni jambo jema, lakini mwambie pia aeleze kwa maneno yake alichofundishwa.

Mwenye kigugumizi asiambiwe "sema haraka", wala asimaliziwe maneno. Nabii Musa (a.s.) mwenyewe aliomba ulimi wake ufunguliwe, tena akaomba ndugu yake Harun awe msaidizi wake. Mtoto wako naye anahitaji msaidizi, si mcheka.

Yule mvulana alitibiwa, na mwalimu wake akamketisha mstari wa mbele. Sasa huitika.

Wabillahi tawfiq.