Goma: Ufa wa ukutani umesimama ama ungali unatembea? Swali ambalo wainjinia huuliza kwanza

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, volkano ya Nyiragongo, katika jimbo la Kivu Kaskazini, ililipuka. Lava yake ilisimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka, mchana na usiku, kwa siku nyingi. Nyufa zilifunguka barabarani, na manyumba ya matofali yakapasuka, Goma na hata Gisenyi, ngambo ya mpaka. Tarehe 27 ya mwezi huo, wakaaji wa mitaa mingi ya Goma waliamriwa kuhama.

Waliporudi, wengi walikuta nyumba ingali imesimama, lakini ukuta una ufa. Wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila kabla ya kuziba, wainjinia huuliza: ufa huu umesimama, ama ungali unatembea?

Swali hilo si la Goma tu. Kwa zaidi ya miaka 100, wachunguzi wa nguvu za vitu vigumu, yaani chuma, jiwe, kioo na beto, wanaliuliza.

Kila mara kwenye pembe

Mtu akitazama ukuta uliopasuka, mara nyingi ataona ufa umeanzia kwenye pembe ya dirisha au ya mlango, kisha umepanda kimshazari. Si bahati mbaya. Uzito wa paa na wa ukuta hushuka ndani ya matofali kama watu wanaopita katika njia ya soko. Ukifunga katikati ya njia, wote watazunguka pembeni na kusongamana pale kwenye kona. Dirisha hufanya vilevile: nguvu zinalizunguka na kujikusanya kwenye pembe zake. Mwaka 1913, Mwingereza Charles Inglis alionyesha kwa hesabu kwamba kadiri pembe inavyokuwa kali, ndivyo nguvu zinavyozidi kujikusanya pale.

Tetemeko linaongeza shida nyingine: linavuta ukuta huku na huku. Tofali na beto vinavumilia sana kubanwa, lakini si kuvutwa. Nguvu ambayo beto inaweza kustahimili ikivutwa ni karibu sehemu moja tu ya kumi ya ile inayostahimili ikibanwa.

Mwaka 1921, A. A. Griffith, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, alieleza kwa nini kioo hupasuka upesi kuliko hesabu zinavyotazamia. Sababu ni nyufa ndogo sana ambazo jicho halizioni. Alionyesha pia kwamba ufa mrefu unahitaji nguvu ndogo zaidi ili uendelee kuliko ufa mfupi. Ndiyo maana ukuta unaweza kukaa na ufa kwa muda mrefu, kisha ukaanguka kwa mtikisiko ambao si mkubwa.

Meli na ndege zilivyofundisha

Mwezi wa kwanza 1943, meli ya mafuta Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili huko Portland, Marekani, ikiwa imefungwa bandarini, bila dhoruba yoyote. Mwaka 1954, ndege mbili za aina ya Comet zilivunjika angani karibu na Italia. Wachunguzi waliweka mwili wa ndege nyingine kama hizo ndani ya tanki la maji, wakaujaza na kuupunguza presha mara maelfu, kama inavyotokea katika kila safari, mpaka ukapasuka. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye pembe ya tundu lililokatwa katika mwili wa ndege.

Fundisho lilikuwa mbili: pembe kali ni adui, na mzigo mdogo unaorudiarudia unaweza kuua kama mzigo mkubwa. Wakaaji wa Goma waliohesabu mitikisiko usiku kucha wanaweza kuelewa vizuri fundisho la pili. Kila mtikisiko unaweza kuusogeza ufa kidogo mbele.

Mbao na matofali

Nyumba za mbao, zilizo nyingi Goma, zinajitetea kwa njia nyingine. Mbao inapinda, misumari inaachilia kidogo, na nyumba inacheza pamoja na ardhi. Ila mbele ya lava au moto, mbao haina kinga.

Kwa anayejenga kwa matofali, dawa inajulikana. Ni mkanda wa beto wenye vyuma, ule mafundi wanaita shenaji, unaozunguka nyumba yote juu ya kuta bila kukatika. Vyuma ndivyo vinavyobeba mvuto ambao tofali haliwezi kubeba. Linto ya dirisha ipite ukingo wa tundu pande zote mbili, na dirisha lisikaribie sana kona ya nyumba. Anayepunguza vyuma ili kuokoa pesa anapunguza kile hasa kinachoshika nyumba siku ya tetemeko.

Namna ya kupima nyumbani

Kwa ufa uliopo tayari, kuna njia rahisi. Chora alama ya kalamu pale ufa unapoishia na uandike tarehe. Kisha pakaa plasta nyeupe nyembamba juu ya ufa, upande huu hadi ule, na uandike tarehe pia. Plasta ikibaki nzima kwa miezi, ufa huenda umesimama. Plasta ikikatika, au ufa ukipita alama, ukuta ungali unatembea, na simenti ya juujuu itaficha tu hatari.

Ufa wa kimshazari unaopita ndani ya matofali yenyewe, unaoonekana ndani na nje, au unaoambatana na mlango uliokataa kufunga, uonyeshwe kwa mwinjinia bila kungoja plasta. Na kama ukuta umeinama, watu wasilale ndani.